Nusu ya Wimbo Kwa Bwana Salimu

Mjukuu wangu huvaa fulana nyeusi yenye mafuvu ya vichwa, na mimi ndiye huifua. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye kamba nilidhani mtoto amejiunga na watu wabaya. Kumbe ni bendi. Yeye na wenzake wawili huja kukaa sebuleni kwangu hapa Nyeri, wanaweka muziki ambao ni kama mtu anasaga mawe akiwa na hasira, halafu wanaanza kugombana. Hawagombani juu ya wavulana, wanagombana hii bendi ni nzito ya namna gani. Huyu anasema hii ndiyo nzito, yule anasema hiyo ni ya watoto, sikiza ile ya wale watu wa nchi za barafu. Wanapeana majina ya bendi kama wamama wa soko wakipeana mbegu ya maharagwe.

Juzi spika yao ilipata moto, harufu ikatoka. Mjukuu akasema, "Cucu, usiogope, ni vumbi tu linaungua ndani." Mimi sikuwa naogopa. Nilikuwa nimekaa chini, kijiko cha chai mkononi, na sikumbuki nilikaa saa ngapi. Ile harufu ya vumbi likiungua ndani ya spika niliijua kabla ya mama zao kuzaliwa. Wao wanafikiri muziki nzito uliletwa na simu.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Mnakumbuka maduka ya sahani za santuri, zile nyeusi zenye karatasi ya rangi katikati, na spika iliyotundikwa juu ya mlango ikipigia mji mzima kelele kutoka asubuhi. Mimi nililelewa chini ya spika kama hiyo. Wengine walilelewa na kuku na mbuzi.

Duka lilikuwa la Bwana Salimu, Mwislamu wa mtaa wa Majengo, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe na Kiswahili cha kunyooka. Kwenye varanda yake alikaa Tata na cherehani yake. Kwetu shangazi tunamwita tata, na huyu alikuwa dada ya baba yangu, jina lake Wambui. Alishona kaptura za wanafunzi na kola za mashati, na mimi nilishona vifungo. Ningekuwa shuleni, lakini wakati huo ilionekana msichana akijua kuhesabu vifungo amesoma vya kutosha. Bendera mpya ilikuwa bado ina rangi kali kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, watu wakisema sasa watoto wote watasoma. Mimi niliisikia habari hiyo nikiwa na sindano mdomoni.

Nilikuwa kwa Tata kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Baba yangu alipiga kodiani. Alikuwa mtu wa kuitwa kwenye harusi na sherehe za mwomboko, ile ngoma yetu ya kodiani, anaketi na kodiani magotini, mwenzake anagonga ile ringi ya chuma tunaita karing'aring'a, na watu wazima wanapiga hatua mbili na kuinama kama wameambiwa na mfalme. Siku moja akaenda harusi upande wa Nakuru na harusi hiyo haijaisha mpaka leo. Mama akangoja, akachoka, akaolewa Kerugoya na mtu wa duka, na huyo mtu akasema nyumba yake haina nafasi ya mtoto wa kodiani. Simlaumu mama. Nasema tu vile ilikuwa. Nilipandishwa gari na kifurushi changu, nikashushwa kwa Tata.

Tata hakunipiga wala hakuninyima chakula. Lakini alikuwa ameokoka, tena kuokoka kwa wakati ule, kwa kukata. Hakuna ngoma, hakuna bangili, hakuna kicheko kisicho na sababu. Na jina la baba halikutajwa nyumbani. Nililitaja mara moja, tukila. Akaweka kijiko chini, akasema, "Mama, katika nyumba hii tunataja walio hai na tunataja waliokufa. Yule si wa huku wala si wa kule." Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Wangechi, vile desturi yetu inataka. Hata akinigombeza alisema, "Mama, kuja hapa nikuchape." Nikawa mama wa mtu, na mimi mwenyewe sina mama.

Basi fikiria mwanamke huyo aliyeokoka amekaa chini ya spika inayopiga muziki wa baa. Hakuwa na jinsi. Varanda ile ilikuwa ya bei rahisi kwa sababu hakuna fundi mwingine aliyevumilia kelele. Tata alivumilia kwa kukanyaga. Wimbo ukianza, anakanyaga cherehani kwa nguvu, trrrrrr, na midomo yake inaimba wimbo wa kanisa ambao hausikiki. Sikuwahi kuona mguu wake umefuata ngoma ya spika, wala mguu wake umesimama. Hata mkubwa wa serikali alipopita na msafara wake na watu wote wakakimbia barabarani kupunga majani, Tata alimaliza kwanza mfuko wa kaptura.

Mimi masikio yangu hayakuwa yameokoka. Nilijua sahani zote. Kusoma sikujua, lakini nilijua kila moja kwa rangi ya karatasi yake, na mkwaruzo wake, na mahali pale mtu anakohoa nyuma ya gita. Bwana Salimu alizipanga kwenye maboksi ya sabuni na kuandika kwa chaki: boksi la Kongo, boksi la gita za kwetu, la kodiani, la wazungu, la kanisa. Mwisho ukutani palikuwa na boksi moja lisiloandikwa kitu. Humo alitupa zile ambazo hakujua ni za nini.

Nilianza kusaidia wateja bila kuombwa. Watu wa vijijini wakija mjini na pesa ya kahawa walisimama katikati ya duka wakiwa wamepotea, na Bwana Salimu anawauliza, "Unapenda muziki gani?" Mtu anajua nini? Anasema, "Mzuri." Mimi niliwatazama miguu. Spika ikipiga, mguu wa mtu unasema kabla mdomo haujafunguka. Mzee mmoja wa Othaya, mkali, na koti la mvua, alisema anataka za kanisa peke yake, na kidole chake cha mguu ndani ya akala kilikuwa kinacheza Kongo kama samaki. Nikamwambia, "Guka, chukua mbili. Ya kanisa weka juu." Alicheka mpaka akakohoa, akachukua mbili.

Tangu hapo Bwana Salimu akawa ananiita kutoka varandani, "Binti Wangechi, njoo umtazame bwana huyu." Na Tata anasema, bila kuinua kichwa, "Vifungo, mama." Nami nilikuwa kati, nikiwa wa huku na wa kule, lakini jioni duka likifungwa nilikuwa si wa mahali popote. Watoto wa Majengo walikuwa na michezo yao. Watoto wa kanisa waliambiwa wasicheze na msichana wa duka la shetani. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikiziimbia sahani nyimbo zake.

Sasa niwaambie jambo moja la Bwana Salimu. Hakuwahi kupiga wimbo mpaka mwisho. Wimbo unaanza, unakolea, watu wanasimama barabarani, mpaka pale mwimbaji anakaribia kutoa salamu, na Bwana Salimu ananyanyua mkono wa gramafoni. Kimya. Watu wanalalamika, "Aa, Salimu!" Naye anajibu, "Wimbo mzima ni wa mwenye kulipa." Alijua kazi yake. Wanamuziki wa siku zile walitaja watu mwishoni: namsalimu fulani wa Sagana, namsalimu mama fulani wa soko la Karatina. Watu walinunua sahani ili wajue kama wametajwa. Kulikuwa na mwanamke wa ndizi aliyetajwa na bendi moja, akaacha kubeba mzigo mwenyewe, aliajiri mtu. Mimi niliona hiyo na nikaelewa kwa akili yangu ya kitoto: mtu anayekupenda akiwa mbali, anakutaja mwisho wa sahani. Kama hajakutaja ni kwa sababu hujasikia mpaka mwisho.

Siku baba alifika, Tata hakuwepo. Alikuwa amepeleka kaptura shuleni. Yule mtu wa Nairobi aliyeleta sahani kwa gari alikuwa ameleta mzigo mpya, na Bwana Salimu akawa anaonja moja moja. Mimi niko na kifungo mkononi. Ikaanza moja, gita kidogo, karing'aring'a, halafu kodiani.

Kodiani ya baba ilikuwa na jeraha. Panya walikuwa wameitoboa mfuko wake, naye akaiziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na tangu siku hiyo kila akiivuta ilikuwa na pumzi, hhhh, kama mzee anapanda mlima wa Othaya na mzigo. Nililala na pumzi hiyo nikiwa mdogo. Niliijua kuliko sura ya baba, kwa maana sura ilikuwa imeanza kunitoroka. Na sasa ilikuwa juu ya kichwa changu, inapumua mjini kote, na watu wanapita na mabegi yao ya viazi kama hakuna kitu kimetokea.

Sauti ikaimba. Mtu anayetembea, anaomba maji nyumba hii, anaomba nyumba ile, na kila mahali anayanywa akiwa amesimama. Kwetu mgeni hukaa. Anayekunywa amesimama anapita tu. Nilikuwa nimesimama mimi pia, kifungo kimenitoka, na Bwana Salimu akanyanyua mkono wa gramafoni.

"Maliza," nikamwambia.

"Binti, wewe unajua sheria."

"Ni baba yangu."

Aliniangalia. Nafikiri alidhani ni mchezo wa mtoto. Watoto wengi bila baba husema hivyo. Akaigeuza sahani, akatafuta boksi. "Hii si mwomboko, ina gita la umeme. Si gita, ina kodiani. Hii niiweke wapi?" Akaitupa kwenye lile boksi la ukutani. Hakuna aliyegeuza kichwa barabarani, kwa hivyo hakuipiga tena. Spika ilipiga kinachouzika.

Tata aliporudi sikumwambia. Ningemwambiaje? Ati yule asiyetajwa nyumbani yuko ndani, kwenye boksi, nyuma ya mgongo wako? Nilikuwa na kitu kikubwa kuliko mwili wangu na sikuwa na mtu wa kunisaidia kukishika. Kila nikipita kwenye lile boksi niligusa ukingo wa ile sahani kwa kidole, kama unavyomgusa mtu kanisani kumjulisha uko hapo.

Niliwaza hivi: mtu mmoja akilipa, itapigwa mpaka mwisho, na mwisho baba atasema Wangechi. Basi nikaanza kuiuza. Mtu akitaka Kongo, nilimpa Kongo yake, halafu nikasema, "Na hii." Akitaka za wazungu, "Na hii." Wanaigeuza, wanauliza, "Hii ni ya boksi gani?" Nikisema haina boksi wanairudisha, kama vile nimewapa yai lenye damu. Niligundua watu hawanunui muziki, wananunua boksi.

Wabaya zaidi walikuwa wawili ambao walikuja kila siku na kujua kila kitu. Kariuki alikuwa dereva wa lori la mbao, mtu mkubwa wa Kongo. Nderi alikuwa wa bucha ya jirani, anaingia na aproni yake ya damu, na yeye alipenda zile za wazungu wa kofia kubwa wanaolilia farasi na wake zao. Hao wawili walibishana juu ya neno moja tu: nzito.

"Muziki nzito ni ya Kongo," Kariuki anasema. "Gita nne! Besi inakugonga hapa kifuani. Hiyo yako ni mtu mmoja na kamba."

"Hiyo mtu mmoja amefiwa na bibi na farasi siku moja," Nderi anajibu. "Wewe umewahi kufiwa na farasi? Huwezi kujua uzito."

"Wewe unachinja ng'ombe kila asubuhi na hulii!"

"Ng'ombe sijamuoa."

Na Bwana Salimu anapanguza sahani na kusema, "Nzito ni ile inayokaa dukani haitoki. Kama zile pale." Akaonyesha boksi la ukutani.

"Zile za yatima," Nderi akasema, na wakacheka wote watatu, nami nikashona kifungo mahali pasipo na tundu.

Halafu Bwana Salimu akatangaza kwamba yule mtu wa Nairobi anarudi kesho kuchukua sahani zisizouzika. Nikamuuliza zinapelekwa wapi. Alikuwa na kazi, akanijibu bila kufikiri, "Zinayeyushwa, binti. Zinakuwa vifungo." Nafikiri alikuwa anacheza na mimi. Lakini nilirudi varandani nikafungua kopo la Tata nikaangalia vifungo vyeusi vilivyokuwa humo, kimoja kimoja, nikajiuliza hawa walikuwa nani.

Mchana huo lori la Kariuki likasimama. Nderi akatoka bucha bila hata kuitwa. Wakaanza pale walipoachia jana. Kariuki akapiga kaunta kwa kiganja.

"Sikiza. Tuache gita, tuache farasi. Muziki nzito ni ule unasimamisha mtu. Mtu ako na kazi yake, anasikia, kazi inakwama. Huo ndio nzito. Ukikataa hiyo wewe si mtu."

"Sikatai," Nderi akasema. "Tafuta mtu tumsimamishe."

Wote wakageuka kuangalia nje. Tata alikuwa anakanyaga, trrrrrr, mgongo wake umetugeukia.

"Huyo?" Bwana Salimu akasema. "Huyo hata kiyama kikifika atamaliza kwanza pindo."

"Basi huyo," Kariuki akasema. "Weka Kongo. Ile kali."

Bwana Salimu akaweka. Spika ikanguruma, mabati yakatetemeka, mwanamke aliyekuwa anapita na kikapu akacheza bila kujua. Tata: trrrrrr. Nderi akafurahi sana. Akachagua yake, mzungu akalia, akalia, mpaka mimi mwenyewe nikamuonea huruma. Tata akabadilisha uzi, akaendelea.

"Mwanamke wa chuma," Kariuki akasema. "Mimi nimeshindwa."

Nilikuwa nimesimama kando ya boksi. Niliogopa Tata kuliko chochote. Nilijua nikiitoa, atasikia, na atajua kwamba nimekaa naye siku hizo zote nimemficha. Pengine angenirudisha Kerugoya, na Kerugoya hawanitaki. Lakini kesho gari lilikuwa linakuja. Nikaivuta ile sahani, nikaiweka kwenye kaunta. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Jaribuni hii."

"Hiyo ni yatima," Nderi akasema.

"Hata yatima anaimba," Bwana Salimu akasema, akaiweka.

Gita kidogo. Karing'aring'a. Halafu ile pumzi, hhhh.

Cherehani ikasimama.

Haikupunguza mwendo kwanza. Ilikata, kama mtu ameshika gurudumu. Sikuwa nimewahi kusikia varanda ile bila cherehani, Tata akiwa amekaa pale. Ilikuwa kana kwamba mto umeacha kupita. Tata hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa wima na mkono mmoja juu ya kitambaa. Kariuki alifungua mdomo atangaze ushindi, akamtazama vizuri, akaufunga. Nderi akavua kofia yake, sijui kwa nini.

Yule mtu wa wimbo akaomba maji nyumba ya kwanza, akanywa amesimama. Akaomba ya pili. Na Bwana Salimu, kwa mazoea tu, mkono wake ukaenda wenyewe, ukanyanyua.

"Mbona umetoa?"

Ilikuwa sauti ya Tata. Hakugeuka bado.

"Mama Wambui," Bwana Salimu akasema pole pole, "unajua kawaida yangu. Wimbo mzima..."

"Nalipa mimi!" Kariuki akasema. Alikuwa ameshatupa pesa kaunta. "Maliza, bwana. Pande zote mbili."

Ikapigwa. Nilitoka nikasimama chini ya spika kabisa, uso juu, mdomo wazi, kama kifaranga. Ikapita pale ilipokuwa inakatwa. Yule mtu akaomba maji nyumba ya tatu. Kodiani ikapumua, ikapumua, na sindano ikafika katikati, krr, krr, krr. Hakuna salamu. Nikasema moyoni, ziko nyuma. Bwana Salimu akaigeuza.

Upande wa pili ulikuwa wimbo wa harusi, wa kuchekesha, juu ya bibi harusi na mbuzi aliyekula shada. Haukuwa na maana kwetu. Lakini mwishoni muziki ukashuka chini na baba yangu akaongea. Hakuimba, aliongea, kama mtu amekaa jikoni.

Akawasalimu madereva wote wa Nakuru. Akamsalimu mwenye hoteli ya Molo anayempa supu. Akawasalimu vijana wa mashine ya mbao Elburgon, akawataja kwa majina ya utani, wakachekwa na mtu pale pale ndani ya sahani. Akamsalimu mama mmoja na mtoto wake, akasema jina la huyo mtoto vizuri, akilivuta. Halikuwa langu. Mimi niliendelea kungoja; niliona anafuata mpango, anaanza na walio karibu, atafika Nyeri. Kisha akasema, "Na wale wote nimewasahau, wasione vibaya, wajue nawasalimu pia." Kodiani ikavuta pumzi moja, na ikaisha.

Krr, krr, krr.

Nderi alirudi kwenye bucha yake. Kariuki akatoka na ile sahani kwenye karatasi yake, akasimama mbele ya Tata, mtu mkubwa hivyo, anaizungusha mikononi kama kofia.

"Mama, chukua wewe. Mimi nilikuwa tu nabishana."

"Sina gramafoni," Tata akasema. "Na mimi nimeokoka."

"Najua, mama. Lakini—"

"Nenda na mbao zako, Kariuki. Mvua itakukuta barabara ya Sagana."

Akaenda. Tulisikia lori mpaka likapotea mteremkoni, na ile sahani ndani yake. Nilirudi mahali pangu chini, kando ya miguu yake, nikachukua kopo la vifungo. Nilingoja anichape. Nilikuwa tayari kabisa.

"Ulijua yuko hapa," akasema.

"Ndiyo, tata."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kaptura za shule."

Mimi nilikuwa nimeishi na mwanamke huyo nikifikiri moyo wake umemfungia baba mlango. Mtoto anaona mlango umefungwa, haoni mtu amesimama nyuma yake akisikiliza. Tulikaa varanda moja, yeye na mimi, tukimngoja mtu mmoja, na kila mmoja alidhani anangoja peke yake.

"Umesikia vile amesema mwishoni, mama?"

"Nimesikia. Wale amewasahau."

"Ndio sisi," Tata akasema. "Ametusalimia."

Niliamini. Niliamini miaka mingi, niliringa nayo hata mbele ya watoto wa Majengo, ati baba yangu amenisalimia kwa sahani. Sijui Tata alijua nini siku ile. Aliniwekea mkono kichwani, mara moja, kama anapima joto, akauondoa. Kisha akavuta ile kaptura karibu, akaweka miguu, akaanza kukanyaga. Trrrrrr. Alishona mguu mzima wa kaptura, akageuza, akashona wa pili, kwa mwendo wake ule ule. Mimi nilikuwa chini, naona kila kitu. Uzi ulikuwa umekatika pale aliposimama, na hakuwa ameutia tena. Sindano ilikuwa inatoboa kitambaa, tundu baada ya tundu, mstari umenyooka kabisa, na hakuna kilichoshikana. Sikumwambia. Nilimwacha ashone.